Nilivyoielewa inflamesheni kwa kuudunga sindano mkono wangu mwenyewe

Miaka miwili nilikuwa nakariri tu kama kasuku dalili za inflamesheni, yaani mwili unavyojibu ukiumizwa, wekundu, joto, uvimbe, maumivu, ila ukiniuliza kwa nini ngozi inavimba nakutolea macho. Kilichonifungua ni siku tulipoambiwa tukunje mikono ya shati tujikwaruze na ncha ya rula.

Kinaanza kimstari chekundu pale pale rula ilipopita, halafu wekundu unatambaa pembeni mahali ambapo hata hapakuguswa, baada ya dakika chache mstari wenyewe unavimba. Hizi hatua tatu daktari Mwingereza Thomas Lewis alizieleza kwenye kitabu chake cha 1927, akasema ngozi ikiumizwa inatoa kitu kinachofanana na histamini, kemikali ya mwilini inayotanua mishipa na kuleta uvimbe. Kimstari ni vimishipa vidogo vimetanuka, uvimbe ni majimaji yamevuja kutoka kwenye mishipa, ila ule wekundu wa pembeni unaletwa na neva, maana ukitia ganzi ngozi hautokei, uvimbe unakuja kama kawaida! Hapo ndo nikaacha kukariri.

Sasa shida, mi ni mweusi tititi, wekundu kwangu hauonekani kirahisi na picha za vitabuni zote ni ngozi nyeupe. Nikawa napima joto, wekundu ule ni damu imejaa kwa hiyo ngozi inapata moto, ukipitisha mgongo wa kidole taratibu unaujua mpaka wake. Uvimbe nao nikaumulika tochi kwa ubavu, kivuli kinauonyesha vizuri tu.

Wiki iliyofuata tukajaribu na histamini yenyewe, tone juu ya ngozi, kisindano kupitia hapo, nasubiri dakika 15... hamna kitu. Nikalaumu chupa, nikalaumu sindano, nikarudia mara tatu mpaka msimamizi akaniuliza kwa upole, "Kuna dawa yoyote umekunywa?" Mafua jamani! Nilikuwa nameza setirizini, dawa ya mzio, kila usiku, yenyewe kazi yake ni kuizuia histamini isifanye hayo hayo niliyokuwa nayasubiri. Niliona aibu.

Nikakaa wiki nzima bila dawa. Safari hii palivimba, milimita 7, na pale penye maji ya chumvi tuliyochoma kwa kulinganisha hamna kitu. Kuwasha sasa, acha tu, mwenzangu alinishika mkono nisijikune huku anachora mpaka wa uvimbe kwa kalamu, akabandika selotepu juu, wino ukahamia, tukaibandika kwenye daftari tupime kwa utulivu.