Nilivyojifunza kufuata Kombe la Dunia la spidiwei kwa kalamu

Wrocław, magharibi mwa Poland, ni mji wa spidiwei, yaani mbio za pikipiki uwanjani. Nilipokwenda kusoma huko nilipelekwa uwanjani na wenzangu wa bweni, na mapenzi yakaanza siku hiyohiyo. Pikipiki ya cc 500, mafuta ya methanoli, gia moja, breki hakuna kabisa. Waendeshaji wanne wanazunguka mara nne, kona zote za kushoto, na kama dakika moja hivi mbio imekwisha. Buti la kushoto limefungwa bamba la chuma, maana mguu huo ndio unaoburuzwa ardhini pikipiki ikiserereka ubavuubavu kwenye kona.

Kushangilia mtu mmoja ni rahisi. Mashindano ya mataifa ndiyo yaliyonitaka nikae chini nijifunze. Kombe la Dunia lilisimama baada ya 2017, likarudi Julai 2023, na mechi zote zikapangwa Wrocław, kwenye Uwanja wa Olimpiki. (Olimpiki yenyewe haijawahi kufanyika pale, ni mbunifu wa uwanja, Richard Konwiarz, aliyepata medali ya shaba ya usanifu majengo kwenye michezo ya 1932.) Kila mechi ni nchi nne, mbio 20, na kila mbio ina mwendeshaji mmoja wa kila nchi. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Macho yangu yalikuwa yamezoea kumfuata anayeongoza, kumbe kombe mara nyingi linaamuliwa na wale wawili wanaogombea nafasi ya pili kule nyuma.

Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu ndiye aliyenifungua macho. Wapolandi wengi huja na kalamu, wananunua kijitabu cha mechi chenye jedwali, na wanalijaza wenyewe. Yeye jedwali alilishikilia juu ya goti, kidole gumba kikizuia upepo. Akanionyesha jambo la kwanza: achana na majina, shika rangi. Kila nchi ina rangi yake ya helmeti usiku kucha: nyekundu, bluu, nyeupe au njano. Vumbi likitimka jina mgongoni halisomeki, lakini rangi utaiona hata upande wa pili wa uwanja.

Kisha herufi. Asiyemaliza haandikiwi sifuri tupu: “d” pikipiki imeharibika, “u” ameanguka, “w” mwamuzi amemtoa, “t” amegusa utepe wa kuanzia kabla haujaruka. Naupenda sana utaratibu huu. Ukilisoma jedwali baada ya mechi unajua nani alizidiwa mbio na nani aliharibikiwa na mashine, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hesabu nayo ina kinga yake. Kila mbio inagawa pointi 6, kwa hiyo mbio zikiisha jumla ya nchi zote nne ni 120. Kila baada ya mbio nne nilikuwa najumlisha: 24, 48, 72. Ikipungua, na hakuna mbio iliyomalizwa na wawili tu, narudi kutafuta nilipoteleza.

Usiku wa fainali, tarehe 29 Julai, nililijaza langu mwenyewe. Poland, Uingereza, Denmark na Australia. Uwanja mzima ulikuwa unamwimba Bartosz Zmarzlik, mwendeshaji wa Poland, nami niliimba, lakini kalamu ilinionyesha kitu ambacho kelele zilikificha: Uingereza ya Robert Lambert na Dan Bewley ilikuwa imeng'ang'ania kisogoni mwa wenyeji. Kila mara Mpoland alipopitwa akawa wa tatu, mzee alivuta pumzi kwa nguvu, nami sasa nilijua kwa nini.

Ilipomalizika, safu ya Poland ilisomeka 33, ya Uingereza 31. Mzee alichukua jedwali langu, akalilinganisha na lake mstari kwa mstari, akanirudishia na kunipa mkono.