Mara ya tatu kuvuka barabara

"Mjomba, anamla?"

Mpwa wangu ameweka kidole kwenye picha ya kalenda mpya: simba jike, mdomoni ananing'inia mtoto. Nikamwambia hapana, anamhamisha. Akataka kujua anamhamishia wapi, na kwa nini asimwache atembee mwenyewe. Maswali ya haki kabisa, nayo yamenirudisha Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, asubuhi ile ya masika, kwa yule jike wa sikio lililopasuka.

Tulimjua kwa sikio, lakini sikio peke yake halitoshi, maana simba hupasuana masikio kila mara kwenye mzoga. Anayetaka uhakika huangalia vidoa vilivyo kwenye mizizi ya masharubu, hasa safu ile ya juu kabisa. Kila simba ana mpangilio wake, shavu la kushoto tofauti na la kulia, na hauchakai kama masikio. Wakati huo alikuwa amejitenga na kundi kwa wiki kadhaa. Chuchu zake zilikuwa zimevimba, na manyoya yaliyozizunguka yamelowa na kushikamana. Tumbo kubwa humdanganya mtazamaji, kwani jike aliyeshiba nyumbu huonekana kama mwenye mimba. Manyoya yaliyolowa kwenye chuchu hayadanganyi, huyo ananyonyesha. Kila alipotoka kuwinda alirudi kwenye nyufa za mwamba uleule. Hatukusogea kule. Gari likilaza nyasi kuelekea maficho, limewachorea fisi njia.

Simba hubeba mimba siku 110 hivi. Watoto huzaliwa na uzito wa kilo moja na ushee, macho yamefumba, na kwa wiki sita hadi nane mama huwalea mafichoni peke yake. Harufu ya mahali ikishakolea, anahama. Hawezi kuwaswaga kwa miguu wakiwa wadogo vile, na mdomo unachukua mmoja tu. Kwa hiyo kila kuhama kuna kipindi ambacho watoto wamegawanyika, wengine huku na wengine kule, na mama yuko katikati.

Alikuwa na watatu. Alikuwa akiwatoa mwambani kuwapeleka kwenye kichaka cha ukindu kando ya mto, na barabara ilipita katikati. Wa kwanza alivuka naye kabla magari hayajawa mengi. Wa pili alimvusha magari yakianza kukusanyika. Alipotokea na wa tatu, yalikuwa yamepanga foleni kama kituo cha daladala.

Alifika ukingoni akasimama. Mtoto alikuwa amebanwa kwa ngozi ya shingo, amelegea kabisa, miguu ya nyuma ameikunja tumboni. Gari la mbele likawasha injini, likasogea kidogo ili abiria wapate picha, na hapo likaziba lile pengo alilopita mara mbili. Jike akarudi hatua chache, akamlaza mtoto kwenye nyasi. Mtoto akishaachiliwa hazubai: akaanza kulia, kilio chembamba kinachosikika mbali. Mama hakututazama hata kidogo. Alitazama mwamba nyuma yake, kisha ukindu ng'ambo, kisha mwamba tena. Juu kulikuwa na tai anazunguka.

Nilishika redio nikaomba mambo matatu: gari la mbele lirudi nyuma kwa urefu wa magari mawili, injini zote zizimwe, na watu wakae, vichwa visitokeze juu ya paa. Nilisema lirudi nyuma, lisiende mbele, kwa kuwa lingesogea mbele lingemfungulia njia mpya ambayo hajaipima, huku ile aliyokwisha kuikanyaga ikibaki imezibwa na gari la pili. Dereva alielewa, akarudi. Tukanyamaza wote.

Dakika zilipita. Kisha akatoa mguno mfupi, wa chini, unaotoka kifuani mdomo ukiwa karibu umefungwa. Mtoto akanyamaza papo hapo. Mama akaingiza taya, akamkamata vibaya, ubavuni. Akamwachia, akamgeuza kwa mguu wa mbele, akamkamata upya shingoni. Halafu akavuka. Hakukimbia. Alitembea kichwa kikiwa juu kuliko kawaida yake ili mtoto asiburuzike, na miguu ya mbele akiitanua kila hatua ili asimpige kwa magoti. Alipita kati ya magari mawili, matope yamemfika kwenye vifundo, akatokomea ndani ya ukindu.

Yaliyofuata nayasema haraka. Watoto walipotembea vizuri aliwapeleka kundini, wakanyonya kwake na kwa majike wengine waliokuwa na watoto wa umri huo. Kiangazi wakaja madume wawili wageni, dume la kundi likafukuzwa, na watoto wale watatu hatukuwaona tena. Kwa siku kadhaa mama alizunguka ukindu akitoa mguno uleule. Kisha joto la kutaka dume likamjia, na tukamkuta na mmoja wa wale wageni. Walipandana kila baada ya dakika ishirini hivi, kila mara chini ya dakika moja, dume akimbana shingo, jike akingurumia na kumpiga kofi likimalizika, kisha anajibwaga chali. Huweza kuendelea hivyo siku tatu au nne, bila kula cha maana.

Abiria waliwahi kuniambia kwamba simba ni katili, au kwamba mama amesahau. Dume hukaa na kundi miaka miwili au mitatu tu kabla hajang'olewa, na jike anayelea hashiki joto mpaka watoto wakaribie miaka miwili, ila akiwapoteza hushika mapema. Ndiyo maana dume mgeni huua watoto asiowazaa, ili mama yao ashike mimba yake upesi. Hesabu ya dume ni hiyo. Simbamarara wa hifadhi ya Chitwan, Nepal, nao wameonekana wakifanya vivyo hivyo dume jipya linapotwaa eneo, ingawa wao huishi mmoja mmoja.

Lakini jike naye ana lake. Baada ya madume kubadilika, majike wa Serengeti hupandwa sana na bado hukaa miezi kadhaa bila kushika mimba. Watafiti wameeleza kwamba huenda ni namna ya kungoja ijulikane ni madume gani watakaodumu, wasije wakazaa watoto wa kuuawa tena. Nikikumbuka alivyosimama ukingoni mwa barabara akipima huku na huku, maelezo hayo nayaona karibu na ukweli kuliko neno kusahau.

Miezi ilipita kabla manyoya ya chuchu zake hayajalowa tena. Wale madume wawili walikuwa bado wapo. Safari hii alizalia kwenye miamba iliyo ng'ambo, upande uleule wa ukindu, ambako kuhama hakumlazimu kukatiza barabara. Kama alipachagua kwa sababu yetu, siwezi kuapa.