Alviso, shambani kwa baba yake Giannini

Bei za San Francisco zinatia uchungu. Chumba kisicho na chai asubuhi wala dirisha la maana kilinigharimu fedha ambayo Lushoto unanunua mbuzi, na juu yake wakaongeza ada ambazo kwenye tangazo hazikuwapo. Nilikwenda kwa ajili ya harusi ya mtoto wa shemeji yangu. Harusi ilifana, watu wakala na kucheza, na hayo yanatosha. Kilichonifanya niandike ni Alviso.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa kabichi na karoti. Kwetu dalali hatajwi kwa wema: yeye ndiye anayefunga lumbesa shambani, anapanga bei akiwa Kariakoo, na anakulipa akijisikia. Kwa hiyo nilipojua kwamba Amadeo Pietro Giannini, aliyeanzisha benki ambayo leo ni Bank of America, alikuwa dalali wa mboga na matunda, na kwamba baba yake alikuwa mkulima mhamiaji, nilitaka nipaone mahali alipolima huyo mzee.

Alviso iko ncha ya kusini ya ghuba ya San Francisco, siku hizi ni sehemu ya jiji la San Jose. Gari la kuita kwa simu lilinishusha barabara inapoishia, likageuza likaenda zake. Nilitegemea mashamba. Nikakuta madimbwi ya maji ya chumvi, matope yenye harufu kali, ndege mwari wanaelea, na njia ya mbao inayopita juu ya majani mafupi manene. Mji wenyewe umedidimia chini ya usawa wa bahari, kwa sababu visima vya bonde lile vilinyonya maji ya ardhini miaka na miaka.

Nilipotaka kurudi, hakuna dereva aliyekubali kuja. Nauli kwenye simu ikawa inapanda tu, na upepo wa ghubani unapenya koti. Kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja mwenye asili ya Meksiko, amekuja kutazama ndege. Akanisogezea nafasi, akaniuliza nimepotea nini. Nikamsimulia.

Luigi Giannini, baba yake Amadeo, alitoka Favale di Malvaro, kijiji cha milimani karibu na Genoa, Italia. Alikuja California kwa ajili ya dhahabu kama wengine, kisha akarudi kwao akamwoa Virginia DeMartini, binti mdogo wa huko, akaja naye. Amadeo alizaliwa San Jose mwaka 1870, kwenye hoteli ambayo wazazi wake walikuwa wakiiendesha. Baadaye Luigi akapata ekari 40 hapa Alviso, akawa analima na kupeleka mazao San Francisco. Mwaka 1876 kibarua wake alimuua kwa ugomvi wa ujira usiozidi dola mbili. Amadeo alikuwa na miaka sita, na Virginia alikuwa mjamzito.

Nilitegemea mzee asikitike pamoja nami. Alikaa kimya kidogo, akauliza: "Na huyo kibarua, alikuwa hajalipwa tangu lini?"

Swali hilo lilinikata maneno. Habari hii nimekuwa nikiitazama kutoka upande wa mwenye shamba siku zote. Mzee aliniambia kwamba wazazi wake walichuma matunda kwenye bonde hilohilo, wakilipwa kwa kreti, na kuna majuma walirudi nyumbani bila kitu kwa kuwa mwenye shamba mwenyewe alikuwa hajauza. Hakumtetea muuaji. Alitaka tu nimhesabu na yeye kwenye habari. Nikawakumbuka kina mama wanaopalilia karoti zetu, wanavyokaa barazani jioni wakimsubiri baba, na baba anamsubiri dalali, na dalali hapokei simu.

Mzee ndiye aliyenifikisha stesheni kwa gari lake, na hela ya mafuta akaikataa katakata.

Njiani nilimmalizia. Virginia aliolewa tena na Lorenzo Scatena, msafirishaji wa mazao, wakahamia San Francisco, na Scatena akafungua duka la jumla. Amadeo aliacha shule akiwa kijana mdogo, akawa anazunguka mabondeni kununua mazao. Huko ndiko alikomjua mkulima mmojammoja: nani ana deni, nani hutimiza neno lake. Baba mkwe wake alipofariki, akaingia kwenye bodi ya benki moja ndogo, akagombana na wenzake waliokuwa hawataki kusumbuka na mikopo ya watu wa chini. Tarehe 17 Oktoba 1904 akafungua yake, Bank of Italy, ndani ya iliyokuwa baa. Tetemeko la 1906 lilipoangusha na kuunguza jiji, alitoa fedha za wateja kwa mikokoteni ya Scatena, zimefichwa chini ya makreti ya machungwa, mpaka nyumbani kwake San Mateo. Kisha akaweka ubao juu ya mapipa mawili gatini, akaanza kukopesha. Alikufa mwaka 1949 akiwa na mali isiyofika nusu milioni ya dola.

Mimi naona sifa yake kubwa ni kwamba aliziba lile pengo kati ya kupalilia na kuuza, pengo lililomuua baba yake. Kwetu pengo hilo bado liko wazi. Mama yangu aliwahi kwenda benki moja kuomba mkopo wa mbegu, akaambiwa alete hati ya nyumba, wakati wa kupanda ukapita. Akarudi kwenye kikoba chake.

Kesho yake asubuhi, Lushoto usiku umeshaingia, nikampigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza yote, na swali la mzee pia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kina mama wa palizi wanadai tangu wiki iliyopita, na dalali bado anasema lori halijarudi. Hakuniomba kitu. Niliituma fedha palepale kitandani, makato ya kutuma yakala karibu bei ya chai ya hoteli, nikamwambia awalipe wao kwanza, mbolea itasubiri.