Chuo kidogo, mwalo mmoja na kalenda ya giza

Nilipokabidhiwa faili la "huduma kwa jamii" nilikuwa mhadhiri msaidizi mwenye miezi minane kazini. Ndani ya faili mlikuwa na karatasi mbili: barua ya kuniteua na picha ya bango la mwaka uliotangulia. Chuo chetu hapa Mwanza ni kidogo, wanafunzi hawafiki 800, na ukisimama kwenye ngazi za maktaba unaliona ziwa na mitumbwi yote iliyoegeshwa mwaloni. Ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Pamoja na ukaribu huo, tulichojuana na watu wa mwalo ni kwamba wao wanakaanga sangara na sisi tunanunua.

Nikafanya kama ambavyo kila mtu hufanya. Barua kwa mtendaji wa kata, fulana 60, bango jipya, Jumamosi saa nne asubuhi: usafi wa mazingira na elimu ya ujasiriamali. Mwalo tuliufagia wenyewe. Waliokuja kusikiliza ni watoto, mlevi mmoja, na mwenyekiti wa mtaa aliyelazimika kuwepo kwa sababu barua yetu ilikuwa mfukoni mwake. Chini ya mwembe bibi mmoja alikuwa akipepeta dagaa. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka." Akaendelea na ungo wake, kisha akasema, "Mmekuja kwenye giza. Watu wamelala."

Jua lilikuwa linachoma utosi. Nikadhani ni fumbo, nikacheka kwa adabu.

Halikuwa fumbo. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, dagaa wakaufuata mwanga na kuzungushiwa nyavu. Mbalamwezi ikiwa angani, taa haina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo mwezi ukikaribia kujaa mitumbwi hupumzishwa mchangani kwa siku kadhaa. Siku nyingine zote ndizo "giza". Katika giza mitumbwi hurudi alfajiri, kina mama hununua kwa ndoo, humwaga na kutandaza, na mchana kutwa ni kugeuza na kufukuza ndege. Wanaume nao huwa usingizini. Kumwita mtu wa mwaloni kwenye semina saa nne asubuhi ya giza ni sawa na mimi kuitwa kikao cha idara saa nane za usiku.

Nikaanza kupanga safari zetu kwa mwezi wa angani. Hapa ndipo ugomvi ulipoanza, na haukuwa wa mwaloni. Ofisini walitaka ratiba ya semesta nzima, wiki kwa wiki, siku ileile. Nikapeleka ratiba yenye tarehe zinazorukaruka na maelezo ya mbalamwezi pembeni. Bosi wangu aliisoma mara mbili, akaniuliza kama siku hizi napiga na ramli. Alisaini baada ya wiki tatu, nadhani kwa kuchoka.

Kikao cha kwanza cha mbalamwezi walikuja watu wengi mno. Mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha mwaloni kinachosimamia rasilimali za uvuvi, akanivuta pembeni: "Mwalimu, posho mmetenga ngapi?" Nikamwambia kuna chai na maandazi. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Watu wamezoea miradi inayokuja na karatasi ya kusaini na bahasha, na siwalaumu. Mtu aliyeacha kushona nyavu zake ameacha kazi. Nusu waliondoka kabla chai haijachemka. Wakabaki kina mama 11, wote wakaushaji wa dagaa, na yule bibi akiwemo. Nikawauliza wanataka nini kutoka kwetu. Mmoja akajibu, "Mtuhesabie. Tunafanya kazi lakini hela hatuioni."

Kuhesabu ndiyo kazi ambayo chuo chenye wanafunzi wa uhasibu kinaiweza. Tukanunua daftari kubwa, tukachora safu: ndoo zilizonunuliwa, bei, magunia yaliyotoka, yaliyoharibika, mauzo. Wanafunzi wawili wawili walishuka kila alfajiri kabla ya vipindi. Wiki ya kwanza walilalamika. Wiki ya pili wakagundua kwamba aliyesaidia kugeuza dagaa hapewi ahsante mikono mitupu. Anarudi na kindoo. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limechelewa kutoka, na mageto yote ya kule juu yakaanza kunukia dagaa. Sikupata tena shida ya kutafuta wa kujitolea.

Jambo moja nililikataa kata kata: kuingia majini na ndala kupokea mitumbwi. Kichocho kipo ziwani. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi na hupenya ngozi nzima, hata isiyo na kidonda. Chuo kilinunua jozi sita za mabuti, zikawa za kugombaniwa. Kina mama walitucheka sana kwa mabuti yale.

Mvua za masika zilipoanza, daftari likasema wazi kile ambacho wenyewe walikijua siku zote: dagaa wa mchangani wakinyeshewa wanaoza, na wanaosalimika huishia kwa wanunuzi wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Tukajenga chanja tatu, nguzo na nyavu chakavu, dagaa wakae juu upepo upite chini, na turubai tayari pembeni. Masika yale zilifanya kazi vizuri. Nikaandika ripoti yenye picha.

Mwezi wa saba nikashuka na mgeni kutoka makao makuu kumwonyesha. Chanja moja imeanikwa mashuka. Ya pili imebaki nguzo mbili. Dagaa wote wako mchangani. Nilitamani ardhi ipasuke. Mgeni alipoondoka nikaenda kwa bibi, nusu nimenuna. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto: kiangazi mchanga una moto, jua la siku moja linatosha, eneo ni kubwa na ni bure. Chanja inabeba kidogo, na mnunuzi anayekuja pale mwaloni haulizi wamekauka wapi, bei ni ileile. Kwa nini ahangaike?

Sikuwa na jibu. Tukatuma wanafunzi wanne Kirumba, kwenye soko la mwaloni ambako wafanyabiashara wa dagaa hutoka hadi Kongo, wakazunguke na sampuli mbili, za chanja na za mchanga. Walirudi na majibu mchanganyiko. Wengine waliwajali dagaa wasio na mchanga na wako tayari kuongeza, wengine hapana, na wote walitaka mzigo mkubwa kwa mara moja. Kina mama wakaanza kuunganisha magunia. Chanja hujengwa mvua zikikaribia na kufunguliwa kiangazi, na mimi sipeleki tena wageni mwezi wa saba.

Kulikuwa na kitu kimoja daftari halikukifunga. Hata wiki za jua kali, magunia yalipungua kidogo kuliko ndoo zilivyoahidi. Wanafunzi walishuku ndege, wizi, mizani. Likizo ndefu ikafika, daftari tukamwachia bibi, mjukuu wake akawa mwandishi. Tuliporudi tulikuta kurasa zimejaa, na pembeni wamechora kwa rula safu ambayo sisi hatukuwa nayo: "Kitoweo". Humo kuna majina ya wote wanaopewa dagaa bure: jirani mjane, mlinzi, mchungaji, watoto wa shule. Wakarudi nyuma hadi miezi ya kabla ya likizo wakajaza na hiyo, kwa kumbukumbu. Jina lililojirudia kuliko yote, karibu kila siku ya giza, limeandikwa kwa herufi kubwa: CHUO.