Trauti wa Mto Gura

Nilizaliwa Kipini, pale Mto Tana unapomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, na uvuvi nilifunzwa na ami yangu: mshipi wa mkono, ndoana, chubwi la risasi na kipande cha ngisi. Uvuvi ule una maarifa yake mengi, lakini msingi wake ni kungoja, kwani unautuliza mshipi chini, unausikiliza kwa ncha ya kidole, kisha unamwachia samaki aje mwenyewe. Nilipohamishiwa Nyeri kufundisha, nilidhani kwamba ujuzi huo ungenitosha popote penye samaki. Mto Gura ulinionyesha kwamba sivyo, na kwa kuwa jamaa wa pwani huniuliza mara kwa mara kuhusu samaki wa mlimani, nimeona niandike yale niliyojifunza.

Gura huanzia katika nyanda za juu za milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Mianzi unaiacha chini yako, ukatokea kwenye uwanda wa nyasi zinazoota mafundo mafundo, lobelia zinazomzidi mtu kwa kimo, na ukungu unaoshuka bila hodi hata saa sita ya mchana. Alfajiri nyingine nyasi huwa nyeupe kwa jalidi. Mto wenyewe huko juu ni mwembamba, una mawe makubwa na vilindi vifupi, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba unahesabu kokoto zilizo chini. Ni humo anamoishi trauti.

Samaki huyu si wa asili ya hapa. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndiye anayetajwa kumleta trauti wa kahawia kutoka Scotland na kumpandikiza katika Gura mwaka 1905. Trauti wa upinde, mwenye mkanda wa waridi ubavuni, alifuata baadaye. Walowezi walimtaka kwa ajili ya burudani yao wenyewe, na mzee aliyenifundisha ananikumbusha jambo hilo bila uchungu lakini bila kulificha: akiwa mvulana mwanzoni mwa miaka ya 1960 alibeba mikoba ya wavuvi wa Kizungu kandokando ya mito hii, akajua kila jiwe lenye samaki, lakini ufito wenyewe hakuruhusiwa kuushika. Aliushika kwa mara ya kwanza baada ya uhuru. Leo sijamwona mtu anayemzidi.

Siku ya kwanza tulipokwenda, tukiwa na vibali vyetu na askari wa wanyamapori mwenye bunduki kwa sababu nyati hupenda kulala vichakani karibu na maji, nilitembea moja kwa moja hadi ukingoni, kama nilivyozoea kwenda kwenye ngarawa. Nikaona vivuli vitatu vikichomoka kama mishale na kupotelea chini ya jabali. Mzee aliweka mkono begani mwangu.

“Mwalimu, hapo umeshapiga hodi. Kilindi hiki tukiache, tutarudi jioni.”

Akanieleza kwamba trauti hukaa ameelekeza kichwa juu ya mto, kwa sababu chakula chake huletwa na mkondo, na hivyo mvuvi hutakiwa kumjia kutoka nyuma, akipanda mto polepole, ameinama au amepiga magoti. Jambo hili lina sababu yake katika mwanga. Mwanga hupinda unapoingia majini, na samaki huuona ulimwengu wa juu kupitia kama dirisha la duara lililo juu ya kichwa chake. Kilicho karibu sana na usawa wa maji hukiona kwa shida, bali aliyesimama wima humwona wote. Kupiga magoti kwenye nyasi zenye umande wa mlimani si raha, lakini hakuna njia nyingine.

Kisha alinionyesha jiwe moja, nalo nitalieleza kwa kirefu kwa maana ndilo lililonifungua macho. Lilikuwa na ukubwa wa kinu, limezama nusu. Maji yaliligonga, yakagawanyika, yakapita pande zote mbili kwa kasi, na nyuma yake pakabaki mahali penye utulivu, pasipozidi urefu wa mkono. Hapo ndipo alipo, mzee alisema, kwa sababu hapo hatumii nguvu, na hatua moja tu kutoka hapo ndipo mkondo unapopitisha wadudu. Anatoka, anadaka, anarudi. Mto mzima ukiutazama hivyo, unaacha kuwa maji yanayokwenda na unakuwa mtaa wenye nyumba, na unajua ni mlango upi wa kubisha.

Chambo chake ni nzi wa kutengeneza: ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi na manyoya ya jogoo, hata ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Kwa kuwa nzi huyo hana uzito wowote, kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene kuliko wetu wa pwani, na mkono wangu uliozoea chubwi ulichukua miezi kadhaa kukubali. Mshipi urushwe nyuma, ungojwe unyooke wote angani, ndipo urushwe mbele. Nilikuwa na haraka, nao uliishia kwenye vichaka mara nyingi kuliko majini.

Lakini kuliko yote, trauti ni samaki wa baridi. Maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu, naye anaihitaji sana. Maji yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika, na yakikaribia 25 maisha yake huwa hatarini. Jike hufukua changarawe kwa mkia, akataga mayai humo, na mayai yale hupumua kwa maji yanayopenya kati ya kokoto. Mlima ukikatwa miti, mvua hushusha tope, tope hujaza zile nafasi, na mayai hufa yakiwa palepale yalipotagwa. Ndiyo maana ninaushukuru kwa dhati uzio wa umeme wa takribani kilomita 400 unaouzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009, ingawa ulijengwa kwa ajili ya wanyama wakubwa na mashamba ya watu na wala si kwa ajili ya samaki.

Tulirudi kwenye kilindi cha kwanza jioni, kama mzee alivyoahidi. Nilipiga magoti, nikarusha, na nzi akatua juu kidogo ya jabali, akashuka na mkondo, akazunguka ukingo wake. Maji yakajikunja tu, hayakurusha hata tone. Nikainua ufito, na ule mtetemo uliopita mkononi mwangu niliujua, ulikuwa uleule wa Kipini. Alikuwa trauti wa kahawia, hakuzidi kiganja na nusu, mwenye madoa mekundu, kila doa limezungushiwa duara hafifu.

“Maji haya yanakwenda wapi, mwalimu?” mzee aliniuliza, na jibu alilijua.

“Yanaingia Tana, mzee. Yanafika kwetu.”

Alinionya nisimtupe. Nilimshika chini ya maji kwa mkono uliolowa, kichwa kimeelekea juu ya mto, mpaka vidole vikafa ganzi na matamvua yake yakaanza kufunga na kufungua kwa utaratibu. Akapiga mkia mara moja, akarudi nyuma ya jabali lake.