Stika Zilizoanguka na Vitako vya Vikapu: Nilivyoupamba Ukuta wa Nyuma ya Kitanda

Kila niliyemweleza kwamba ukuta wa nyuma ya kitanda chetu ulikuwa mtupu alinijibu kwa neno moja: stika. Mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam alisema stika, shoga yangu wa ofisini alisema stika, na kijana wa dukani pale Miyomboni, ambaye alikuwa na sababu zake, alisema stika na papo hapo akanifungulia katoni nzima. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ukuta wenyewe unatazama upande gani, umepakwa rangi ya namna gani, wala nyumba ni ya nani. Mambo hayo yalikuja kunigharimu fedha na usingizi, na kwa siku mbili hivi yalinigharimu pia heshima yangu mbele ya mama mkwe.

Tunapanga nyumba Kihesa, mjini Iringa. Chumba chetu ni kikubwa, kitanda ni cha mninga, sita kwa sita, chenye ubao mfupi wa kichwani, na nyuma yake kulikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa usio na kitu chochote isipokuwa alama ya kisogo cha mume wangu, pale anapoegemea akisoma simu. Alama hiyo ndiyo iliyoanza kunikera. Baba mwenye nyumba ni mzee mstaarabu, lakini mkataba wake una kifungu kimoja alichokiongeza kwa mkono, kwa wino mwekundu: misumari marufuku. Simlaumu. Plasta ya nyumba ina mchanga mwingi, na msumari mmoja wa zege nilioujaribu kwa siri nyuma ya kabati ulibandua kipande chenye ukubwa wa kisosi. Kabati hilo halijasogezwa tangu siku hiyo.

Stika si msumari, nikajiambia. Nilizonunua ni zile za sponji, nyeupe, zenye umbo la matofali, ambazo mtu hubandua karatasi ya nyuma na kuzikandamiza ukutani. Nilichukua vipande ishirini na kitu, kwa bei ya elfu tano au sita kila kimoja, sikumbuki vizuri, kwa sababu ilinibidi nirudi dukani mara ya pili baada ya kugundua kwamba hesabu yangu ya kwanza ilisahau sehemu ya juu ya ukuta. Tulizibandika Jumamosi moja ya mwezi wa sita, na ni lazima nikiri kwamba zilipendeza. Nilipiga picha nikamtumia mdogo wangu, naye akanijibu kwa vimioyo tisa. Kwa wiki tano nililala kama mke wa mtemi.

Usiku mmoja wa mwezi wa saba, yapata saa tisa, nilisikia sauti ya kitu kinachochanika taratibu, kama mtu anayepasua kitenge bila haraka. Nilidhani ni panya darini. Sauti ikakoma, ikaanza tena, ikakoma. Kisha safu nzima ya juu, vipande vinne vilivyokuwa vimeshikana kingo kwa kingo, ikajikunja na kushuka kwa pamoja juu ya uso wa mume wangu, ambaye alikuwa amelala chali huku mdomo ukiwa wazi. Sponji haina uzito wa kumuumiza mtu, lakini mtu aliyeamshwa namna hiyo hapimi uzito. Aliruka na mablanketi yote mawili, akaishika tochi kama rungu, akamwita mlinzi kwa sauti iliyosikika hadi nyumba ya tatu. Mlinzi hatuna, wala hatujawahi kuwa naye. Asubuhi jirani alipouliza kwa upole kama tulivamiwa, mume wangu alimjibu kwamba ni matofali tu yaliyoanguka. Jirani aliitazama nyumba yetu iliyosimama wima, akatutakia siku njema.

Nilipozibandua stika zilizobaki, rangi ilitoka nazo kama ganda la yai lililochemshwa, na mahali rangi iliposalia palikuwa na vidoti vyeusi vya ukungu vilivyofuata mistari ya matofali yale ya bandia. Fundi rangi niliyemwita ndiye mtu wa kwanza aliyeuchunguza ukuta kabla ya kuutolea maoni. Alipitisha kitambaa cheusi juu yake, kikatoka cheupe kana kwamba kimefutia ubao wa darasani. Rangi ya maji iliyochoka, alinieleza, hugeuka unga, na gundi ya stika hushika unga huo badala ya kuushika ukuta. Ningekuwa nimefanya jaribio hilo la kitambaa, ambalo halimgharimu mtu hata senti, nisingevuka mlango wa lile duka.

Jambo la pili lilikuwa baridi. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini, kama wetu, hauguswi na jua kipindi chote ambacho baridi ni kali. Watu wawili wakilala chumbani humo madirisha yakiwa yamefungwa, mvuke wa pumzi zao hutafuta mahali palipo baridi kuliko pote na kugeuka majimaji, na kwetu mahali hapo palikuwa nyuma ya sponji, ambako hewa haipiti. Ndiyo maana stika za mdogo wangu zimetulia mahali pake hadi leo. Huko kwao mtu hulala amejifunika kanga moja, tena akiilalamikia.

Kukwangua rangi, kuufuta ukungu kwa maji yenye jiki, kuuacha ukuta ukauke kwa siku kadhaa na kuupaka upya kulinigharimu zaidi ya stika zenyewe. Siku hizo tulilala sebuleni, na kitanda kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba, peke yake, kama kitanda cha maonyesho. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikikitazama nilipopata wazo ambalo hadi sasa najivunia kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa. Ukuta ni wa baba mwenye nyumba, lakini kitanda ni chetu, na hakuna kifungu cha mkataba, chenye wino mwekundu wala wa bluu, kinachokitaja kitanda. Kwa hiyo mapambo yashikwe na kitanda.

Nilimchorea seremala kwenye nyuma ya risiti: miti miwili ya kusimama, kila mmoja urefu wa futi saba, ikifungwa nyuma ya ubao wa kichwani, na fito nne za kulala zikiunganisha miti hiyo kuanzia juu ya ubao hadi karibu na dari. Alinitazama akaniuliza kama ni kichanja cha vyombo. Nilimwambia aseme anavyotaka mradi isicheze. Tulitumia paini ya mbili kwa mbili, ambayo hapa Iringa si ghali kwa sababu mbao zinatoka Mufindi, kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill, na mbao zote tulizipata kwa fedha ambayo isingetosha hata stika tano. Kosa letu lilikuwa kununua mbao mbichi. Ufito wa kwanza ulipinda ndani ya wiki moja hadi ukafanana na upinde wa mwindaji, na ilibidi tununue nyingine, tuzilaze juu ya sakafu na kuzikandamiza kwa matofali, safari hii ya kweli, kwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kuzipiga msasa na vanishi.

Fremu ilifungwa kwenye kitanda kwa bolti mbili kila upande, moja juu na moja chini, kwa sababu bolti moja peke yake hugeuka kuwa bawaba. Lililobaki ni kwamba ncha za juu zingegonga ukuta kila mtu anapojigeuza usiku. Mume wangu, ambaye hadi hapo mchango wake ulikuwa kuuliza itakwisha lini, ndiye aliyelimaliza. Alichukua kandambili zake za zamani, akazikata vipande vya mraba, akavipandisha viwili viwili na kuvigundisha nyuma ya ile miti. Fremu sasa inaegemea ukuta kwa mpira, haigongi wala haichubui rangi, na kati ya ukuta na mapambo kuna nafasi ya vidole viwili ambamo hewa inapita. Hata hivyo bado nafungua dirisha kila asubuhi, na sare za watoto hazianikwi tena chumbani mle hata mvua inyeshe vipi.

Sasa cha kutundika. Nilitaka vikapu vya milulu, aina ya nyasi ndefu, vile ambavyo akina mama wa Kihehe husuka, kwa sababu naona ni upuuzi kuishi Iringa na kupamba nyumba kwa maua ya plastiki. Milulu huanza na ubichi wa kijani na kadiri siku zinavyopita hugeuka rangi ya asali, ndiyo maana sikutaka vilivyotiwa rangi nyingi. Tatizo ni kwamba kikapu kina tumbo, na kikapu chenye tumbo kikitundikwa juu ya kichwa cha mtu anayelala hutokeza mbele kama kiota. Nilizunguka sokoni nikitafuta bapa, nikaambiwa hakuna. Hatimaye nilimwona mama mmoja aliyekuwa akianza kusuka, ameshika mviringo ulio bapa kabisa mapajani, na nikaelewa kwamba kikapu huanzia kitakoni.

“Kamwene, mama,” nilimsalimu. “Hicho ulichoshika nakihitaji hivyo hivyo kilivyo.”

“Kamwene, mwanangu. Hiki bado. Njoo baada ya siku nne kitakuwa kikapu.”

“Sitaki kiwe kikapu. Nataka kitako tu.”

Aliwaita wenzake wawili waje wasikie. Alisema tangu aanze kusuka hajawahi kumuuzia mtu kitako kisicho na kikapu, na akataka kujua nitabebea nini. Nilipomweleza kwamba ni pambo la ukutani alitikisa kichwa, lakini tulikubaliana vitako saba vya ukubwa tofauti, kikubwa kuliko vyote kikiwa kama sinia la pilau, na kwa kuwa kazi kubwa ya kikapu ni kupandisha tumbo, kila kimoja nilikipata kwa chini ya nusu ya bei ya kikapu kizima. Nilimwomba viwili aviachie nyuzi za milulu pembeni bila kuzikata, zichomoze kama miale ya jua, na hivyo ndivyo wageni wanavyovisifia kwanza.

Kupanga kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilitandika shuka la kitanda hicho hicho sakafuni sebuleni, kwa kuwa upana wake unakaribiana na wa fremu, nikapanga vitako juu yake, nikapanda kwenye stuli na kupiga picha kwa simu, nikashuka, nikapangua, nikapanda tena. Picha hukuonyesha makosa ambayo jicho limeyazoea. Nilichogundua ni kwamba kikubwa kikikaa katikati, vyote vingine vinaonekana kama vifaranga vinavyomzunguka mama yao. Nilikishusha chini upande wa kushoto na mambo yakatulia. Kabla ya kuvitundika nilivianika juani kutwa nzima, maana milulu yenye unyevu huota ukungu kama ukuta tu, kisha nikavifunga kwenye fito kwa nailoni ya kuvulia samaki iliyopenyezwa kati ya misuko. Haionekani hata ukisogea karibu.

Kitu kimoja niliongeza kwa ujanja wangu mwenyewe, nacho kilikuwa ungo. Niliununua mpya, mzuri, wa duara lisilo na kasoro, nikautundika juu kabisa, usawa wa kichwa cha mume wangu. Mwezi wa kumi mama mkwe alitutembelea kutoka Njombe akiwa na kiroba cha viazi na parachichi. Nilimpitisha chumbani nikisubiri sifa. Alisimama mbele ya kitanda, akautazama ule ungo kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

“Mwanangu, huu unaondoka saa ngapi?”

Nilielewa kabla hajamaliza. Sijui mtu aliyekulia nchi hii nilisahauje ungo hutajwa kuwa usafiri wa akina nani usiku wa manane. Nilijieleza kwa maneno mengi, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kufanana na rubani. Mume wangu alitoka nje kwenda kucheka. Jioni ile ungo ulihamia jikoni, ukapepeta mchele mbele ya macho ya mama mkwe kwa siku mbili mfululizo, na mahali pake palibaki wazi hadi yule mama msuka vikapu aliponitengenezea kitako cha nane.

Mwezi wa pili, mvua zilipokolea, dari ya chumba chetu ilianza kuvuja pembeni, na baba mwenye nyumba akaja na fundi kukagua bati. Alipoinua macho na kuona vitako vinane vya milulu vimeenea juu ya kitanda, uso wake ulibadilika, akasahau dari. Alizunguka upande wa pili, akavua miwani, akaivaa tena, akapitisha kiganja polepole nyuma ya fremu kutoka chini kwenda juu akitafuta vichwa vya misumari. Kiganja kilifika juu kikasimama.

“Mama,” aliniita, akiwa bado ameingiza mkono. “Misumari sijaiona. Lakini hizi ndala zimefuata nini huku?”