Ninavyoishi na ugonjwa mchanganyiko wa tishu unganishi

Ukimwambia mtu wa Wete kwamba baridi inakuumiza, atakucheka: baridi gani hiyo Pemba? Yangu ilikuwa kwenye friji. Nikitoa barafu za kuwauzia watoto wa skuli, ncha za vidole zinapauka, zinaingia ubuluu, halafu damu ikirudi zinawaka moto. Msimu wa karafuu ndipo mambo yalipoharibika. Kuchambua kunataka vidole vyepesi. Unakibana kishada kiganjani, karafuu zinadondoka mkekani, makonyo yanabaki mkononi. Vyangu vilivimba hadi pete haitoki, ngumi haifungi. Wenzangu wanapimiwa pishi zao, mie bado nahangaika na pakacha la kwanza.

Nilitibiwa baridi yabisi, na kombe nikanywa, sikatai. Jibu lilipatikana Dar es Salaam, kwa daktari wa viungo aliyetaka damu yangu itafutwe kingamwili dhidi ya U1-RNP, kitu kilichomo ndani ya seli zetu wenyewe. Zikaonekana, tena nyingi. Akanieleza kuwa ugonjwa huu wa tishu unganishi, yaani tishu zinazoushikilia mwili pamoja, ulielezwa Marekani mwaka 1972, na kwamba unakusanya dalili za lupasi (ya ngozi, viungo na ogani), skleroderma (ngozi kukakamaa) na polimiositi (misuli kuvimba na kulegea) katika mtu mmoja: kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Hauambukizi. Kupona kabisa hakuna, ila hutulizwa.

Mie nilikwenda na kesi ya vidole. Yeye akashughulika na mapafu. Presha inaweza kupanda kimyakimya kwenye mishipa ya mapafu, na hiyo ndiyo inayoua zaidi wagonjwa wa aina yetu. Kwa hiyo napimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na nguvu ya pumzi hata nikijiona mzima, na nikianza kuhema kwenye kile kilima cha kutoka bandarini, sisubiri tarehe ya kliniki.

Barafu sasa anatoa mdogo wangu, mie nashika pesa. Vidonge ni nifedipini, inayofungua mishipa ya vidole, haidroksiklorokwini ya kutuliza kinga, ambayo inataka macho yapimwe kwani inaweza kuyadhuru, na prednisoloni, inayofanana na homoni ya mwili. Hii ya mwisho haiachwi ghafla, kwani mwili ukishaizoea huzembea kutengeneza homoni yake. Ndiyo maana kabla ya Ramadhani nilimuuliza daktari, akanihamishia dozi kwenye daku, baada ya chakula. Shangazi aliponiona navipanga vile vidonge mkekani akaguna: "Mwanangu, daku yenyewe ndiyo hiyo?"

"Hapana shangazi, wali kwanza."